Bi Pimbi na Kitoweo cha Harusi ya Simba

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakialikana chai na kugombana kwa sababu fulani kamwaga maji machafu mlangoni pa fulani, palikuwa na mji ukiitwa Majabalini.

Katika mji huo aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi, nyie? Kadogo, kanene, hakana mkia, kanakaa kwenye mawe. Siku hizi mtu akitaka kumtukana mwenzake humwita pimbi. Wewe hapo, usicheke! Wanaosema hivyo hawajui wasemalo, na leo mtaona wenyewe.

Bi Pimbi alikuwa mpishi. Tena si mpishi wa kubahatisha, leo chumvi imezidi, kesho wali umeungua. La! Alikuwa mpishi wa harusi na karamu kubwa za Mzee Simba, mwenye mji. Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hali nyama. Chakula chake majani, matunda na kunde. Basi mchuzi wa nyama akauonja vipi? Kwa pua! Anainama juu ya sufuria, fss, fss, anafumba macho. "Tangawizi haijatosha," anasema. Anaongeza, na kweli ilikuwa haijatosha.

Lakini mji ule ulikuwa na jambo moja baya. Kila karamu ya Mzee Simba, kitoweo kilitoka katika nyumba za wala majani. Leo kwa Swala, mwakani kwa Kondoo. Na aliyechagua nyumba gani ilie safari hii alikuwa Bwana Fisi, msimamizi wa karamu, mwenye kinywa kikubwa na maneno makubwa zaidi.

Safari iliyopita alichaguliwa dada yake Mbuzi. Na Mbuzi ni shoga yake Bi Pimbi, jirani wa ukuta kwa ukuta, wa kuombana moto na chumvi. Siku ile Bi Pimbi alikoroga sufuria huku analia. Walipomuuliza, akasingizia vitunguu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Majabalini palikuwa na desturi. Sufuria ya karamu ikiliwa mpaka ukoko, mpishi huomba jambo moja mbele ya wageni, na mwenye karamu hakatai, kwa kuwa ni aibu kumnyima aliyekushibisha. Kila mara Bi Pimbi aliomba vitu vidogo tu. Kanga. Mwiko mpya. Mtasema, kwa nini hakumwombea uhai dada yake Mbuzi? Enhe, fikirini! Saa ya kuomba ikifika, anayeombewa yumo tumboni kwa watu.

Basi siku moja asubuhi, Bi Pimbi anachambua mchele, akasikia mlangoni kishindo.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

"Karibu, Bwana Fisi. Karibu kiti."

"Sikai. Nina shughuli." Fisi alivimba kifua. "Binti Mzee Simba anaolewa Ijumaa. Anachukuliwa na kijana wa Bi Chui, ng'ambo ya mto. Wakwe ni watu wa maneno, kwa hiyo Mzee hataki aibu hata ya punje. Pika ule upishi wako."

"Nitapika. Na kitoweo?"

"Mbuzi," akasema Fisi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Dada mtu alikuwa mtamu sana. Bila shaka na mdogo mtu ni hivyo hivyo."

Ungo wa mchele ukamponyoka Bi Pimbi. Pwaa! Mchele chini wote.

"Vipi tena?" Fisi akauliza.

"Mikono tu, bwana. Uzee."

Fisi alipoondoka, Bi Pimbi alikaa chini katikati ya mchele akajishika kichwa. Moyo ulimwuma. Akajiambia: "Sikorogi tena. Safari hii sikorogi. Lakini nikikataa, watampata mpishi mwingine, na Mbuzi atakufa vilevile, tena kwa upishi mbaya."

Akawaza, akawaza. Mara akanyanyua kichwa.

"Hivi," akasema peke yake, "nyama ikifika jikoni kwangu inanukia nini? Hainukii kitu cha maana! Inanukia damu. Harufu ile ya karamu, inayowafanya wameze mate toka barabarani, naiweka nani? Mimi! Tangawizi ni yangu. Kitunguu saumu ni changu. Moshi ni wangu. Wale mabwana hawajawahi kupenda nyama hata siku moja. Wanapenda mkono wangu!"

Aliruka juu kama mtoto. Akatwaa panga, huyoo, shambani, kwenye mti wa mafenesi.

Akaangusha fenesi bichi, kubwa. Akapaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, akalikata, akalichemsha, akalitia kinuni na kuligonga polepole, tu, tu, tu, hadi likachambuka nyuzi nyuzi, usingelitofautisha na nyama ya paja. Akachanganya na uyoga wa kichuguu. Akavibanika juu ya moto wa makumbi ya nazi hadi vikaiva kahawia. Kisha ndipo akaingia kwenye viungo: tangawizi, saumu, pilipili manga, bizari, ukwaju. Juu yake tui zito, lile la kwanza.

Harufu ikatoka jikoni ikatembea mji mzima.

Wa kwanza kufika alikuwa Punda. Hakubisha hodi hata kidogo.

"Bi Pimbi! Unapika nini? Mbona mate yananitoka, na mimi sili nyama?"

"Kaa. Onja."

Punda akaonja. Nyafu. Akachota tena. Nyafu, nyafu, nyafu.

"Mama yangu!" akapiga kelele. "Ndiyo nyama hii?"

"Ni fenesi."

"Fenesi gani linalotafunika hivi? Niongeze! Unajua, Bi Pimbi, mimi kila harusi ninakaa pembeni na majani yangu makavu, watu wananiuliza, 'Punda, unaumwa?' Siumwi! Sitaki tu kumla jirani. Lakini harufu ile naipenda, kwa nini nidanganye? Naionea haya, lakini naipenda."

"Usione haya," akasema Bi Pimbi. "Ladha haina kosa. Kosa ni la kisu."

"Umesema! Niongeze."

Wakati huo huo Mbuzi akaingia. Alikuwa ameshapata habari. Fisi alimpitia mlangoni, akicheka. Macho ya Mbuzi yalikuwa mekundu, lakini kichwa kiko juu.

"Shoga," Bi Pimbi akamshika mkono, "usilie. Nimepata njia. Onja hiki, uniambie kama Simba atang'amua."

Mbuzi akainama kwenye sahani. Mara akarudi nyuma kama aliyepigwa.

"Iondoe!"

"Ni fenesi, Mbuzi. Naapa. Nimelichuma kwa mkono wangu."

"Najua ni fenesi! Lakini inanukia dada yangu." Mbuzi akageuza uso. "Siku ile nilikaa nyumbani nikasikia harufu hii hii inapita dirishani. Wewe ulikuwa unapika. Sikusemi, sikulaumu, tulishasameheana. Lakini usiniambie nile."

Punda akajaribu kuingia kati, na mdomo umejaa. "Lakini bibi, si nyama! Hakuna aliyekufa humo."

"Wewe kula, Punda, sikukatazi. Wewe huli nyama, ila hamu yake unayo. Mimi hamu sina. Jani kwangu ni jani, na kunde ni kunde. Kwa nini kunde ivalishwe kanzu ya nyama ndiyo ionekane chakula?"

Bi Pimbi akaifunika sahani. Aliona haya, akasema hivyo hivyo bila kuficha: "Naona haya, shoga. Nilifikiri nikikuonyesha utafurahi. Basi, hutaonja. Nitaonja kwa pua yangu. Lakini nisaidie jambo moja."

"Lipi?"

"Ijumaa uje ufe jikoni kwangu."

"Eti nini?" Mbuzi na Punda wakasema pamoja.

Bi Pimbi akawavuta karibu, akawanong'oneza. Aliyoyasema mtayajua. Punda alicheka hadi akakohoa fenesi.

Ijumaa ikafika. Ngoma, vigelegele, mikeka imetandikwa uwanjani kwa Mzee Simba. Fisi akaja mlangoni pa jiko la Bi Pimbi, pembeni mwa uwanja, anamburura Mbuzi kwa kamba.

"Kitoweo hicho! Fungua mlango nishuhudie."

Bi Pimbi akatoa kichwa. "Bwana Fisi, toka lini mwanamume akaingia jiko la harusi? Unataka ndoa ya watu ipate mkosi? Na wakwe wanakuona!"

Fisi akageuka, akamwona Bi Chui anamwangalia toka mkekani. Akakohoa kidogo. "Basi nitakaa hapa nje. Lakini masikio yangu yako wazi!"

"Yaache wazi tu."

Mlango ukafungwa. Ndani, Bi Pimbi akachukua kisu akakinoa juu ya jiwe kwa nguvu. Shwii! Shwii! Kisha akamkonyeza Mbuzi.

"Meeee!" Mbuzi akapiga ukelele. "Meeee! Nakufa mie! Nakufaaa!"

Bi Pimbi akapiga ubao kwa panga. Kacha!

Kimya.

Halafu: "Meeee!"

"Umeshakufa, shoga!" Bi Pimbi akamnong'oneza. "Nyamaza!"

"Nilidhani bado."

"Umekufa zamani!"

Nje Fisi akauliza, "Mbona anakufa mara mbili?"

"Si unamjua Mbuzi alivyo mkaidi, Bwana Fisi!"

Bi Pimbi akachukua bakuli la maji ya rozela, mekundu, akayamimina chini ya mlango. Yakatoka nje taratibu. Fisi alipoyaona tamaa ikamshinda, akachovya kidole, akalamba.

"Kho! Mbona damu chachu?"

"Alikuwa na hasira, bwana. Damu ya mwenye hasira si huchacha?"

"Kweli," akasema Fisi, maana hakutaka kuonekana kuna jambo la damu asilolijua. "Kweli kabisa. Nililisikia zamani."

Bi Pimbi akamficha Mbuzi nyuma ya magunia ya mkaa, akashika kazi. Mafenesi, uyoga, moto, moshi. Jasho linamtiririka. Mara akakumbuka jambo. Mifupa! Fisi bila mifupa hali. Ataiulizia tu, na akiikosa, habari imekwisha.

Akatazama huku. Akatazama kule. Pale pembeni palikuwa na vifuu vya nazi alizokuna asubuhi.

"Ya Rabi, nisaidie," akasema. Akavivunja vipande, akavitupa kwenye mchuzi unaotokota.

Masinia yakatoka. Wali umepanda kama kichuguu, kitoweo juu yake kinang'aa mafuta. Mzee Simba alikaa katikati, kushoto kwake Bi Chui, kulia kwake Fisi, na jamaa za pande mbili wamewazunguka. Bi Pimbi akasimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Wakijua sasa hivi, kabla ya kula, Mbuzi atachinjwa kweli, na huenda na yeye akawa wa kuongezea.

Simba akachukua tonge. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Akamtazama Bi Chui. Bi Chui akamtazama yeye.

"Hiki," akasema Simba polepole, "ni nini?"

Bi Pimbi akauvuta mlango wa jiko nyuma yake.

Lakini Fisi, sifa zilimjaa, hangeweza kukaa na swali bila kulijibu. "Ni Mbuzi, Mzee! Mimi ndiye niliyemchagua! Hilo ni paja la kushoto, upande anaolalia. Mimi na pua yangu hii! Kitoweo kikipita nyuma ya mlima nakitaja jina na ukoo wake."

"Mbona ni laini hivi?"

"Alikuwa mvivu, Mzee. Nyama ya mvivu hulainika." Akachukua kipande cha kifuu akakitia mdomoni. Kacha! Kacha! Kacha! "Na mifupa hii! Jamani! Migumu, ina mafuta, huu ndio mfupa wa kumheshimu! Nikiwa nimekosea leo, nitaosha masufuria yote ya harusi hii kwa mikono yangu."

"Umesikika," akasema Bi Chui. Alikuwa mama wa maneno machache, kinywa chake kimejaa.

Basi ikawa ni nyafu nyafu, kacha kacha, uwanja mzima. Watoto wa Chui wakagombania mchuzi. Sinia la kwanza likaisha, wakaita la pili. La pili likaisha, wakaita sufuria yenyewe. Mzee Simba, simba mzima mwenye sharafa, manyoya tele shingoni, akaingiza mkono akakwangua ukoko, akalamba kidole kimoja kimoja, mbele za wakwe!

"Mpishi!" akanguruma. "Mpishi yuko wapi? Aje!"

Bi Pimbi akaja mbio, akapiga goti.

"Bi Pimbi, nimekula karamu za baba yangu na za babu yangu. Sijawahi kula kama leo. Sufuria imelambwa. Omba!"

Hapo, wajukuu zangu, Bi Pimbi akavuta pumzi.

"Mzee, sitaki kanga. Naomba uhai wa Mbuzi."

Kwanza watu hawakuelewa. Kisha Fisi akaangua kicheko. "Kwaa! Kwaa! Kwaa! Uhai wa Mbuzi! Amekuwa kichaa kwa moshi! Mzee, mpe! Mpe na kwato!"

Simba naye akacheka mpaka machozi. "Mama, Mbuzi tumeshamla. Omba kingine."

"Naomba hicho hicho, Mzee."

"Huna hasara, Mzee," Fisi akasema, huku anajifuta macho. "Mpe uhai wa Mbuzi na jamaa zake wote wa kula majani, toka yule Punda hadi kobe. Yeye kaomba wa tumboni, sisi tumpe na wa baadaye!"

"Nimekupa!" Simba akapiga kifua. "Mbele ya wakwe zangu, kwa sharafa hii iliyo shingoni mwangu, nimekupa uhai wa Mbuzi na wa jamaa zake wote katika mji huu. Asiguswe mmoja! Haya, umefurahi?"

"Nimefurahi mno, Mzee," akasema Bi Pimbi. Akageuka jikoni. "Shoga, toka!"

Mlango ukafunguka, kwiii.

Akatoka Mbuzi. Mweusi wa mkaa kutoka kwato hadi pembe, lakini mzima! Akatembea uwanjani, ko, ko, ko, akasimama mbele ya Simba.

"Meee," akasema. "Shikamoo, Mzee."

Bi Chui alipaliwa. Mmoja wa jamaa zake alianguka chali mkekani. Fisi alibaki mdomo wazi, na kipande cha kifuu kikaanguka kutoka ndani yake, ti!

Simba akasimama. Kucha zikatoka. "Tumekula nini?" Ngurumo yake ilipasua masikio. "TUMEKULA NINI?"

Bi Pimbi hakuondoka. "Fenesi, Mzee. Fenesi, uyoga, na tui la nazi. Na mabwana wa mifupa wamekula vifuu."

Fisi akaruka. "Mimi nilijua! Nilijua toka tonge la kwanza! Pua yangu haikosei!"

"Ulijua?" Simba akamgeukia.

"Nilijua, Mzee!"

"Ulijua, ukaniacha nikaapa kwa sharafa yangu mbele ya wakwe? Ukanihimiza nitoe na kobe?"

Fisi akarudi nyuma hatua moja. "Basi, Mzee, sikujua."

"Hukujua? Na pua iliyokuwa ikinichagulia vitoweo miaka yote hii haijui paja na fenesi?"

Fisi akainama, akajifanya anakitafuta kile kifuu kilichomwanguka. Watu walianza kucheka, kwanza wale wadogo huko nyuma, kisha wote. Punda alicheka hi-hoo, hi-hoo, hadi akaketi chini.

"Masufuria yako jikoni," akasema Bi Chui bila kumwangalia. "Umeshasikika."

Fisi akaondoka na mkia katikati ya miguu. Bi Pimbi alimwachia njia, kwa adabu zote, akampa na majivu ya kusugulia.

Simba alikuwa bado amesimama, kifua kinapanda na kushuka. Akasema: "Nimechezewa nyumbani kwangu. Siku ya harusi ya mwanangu."

"Mkwe," akasema Bi Chui, "kaa chini. Kiapo kimetoka, na sisi tumekisikia. Ukikirudisha leo, kesho ng'ambo ya mto watasema mwana wetu kaoa kwa watu wasioshika neno. Na zaidi ya hayo," hapo akapunguza sauti, "mimi ningetaka huyu bibi aje kwangu anifundishie wapishi wangu. Karamu imekuwa tamu, na hakuna mwanamke aliyelia mlangoni. Kwangu kila karamu kuna anayelia. Hunizuia kulala."

Simba akatazama sufuria tupu. Akatazama vidole vyake. Polepole kucha zikarudi ndani.

"Kweli sikusikia kilio leo," akasema. Akakaa. "Basi. Neno langu ni neno. Majabalini kitoweo cha karamu ni hiki, na mpishi ni huyu. Bi Pimbi, simama, usipige goti tena kwangu."

Vigelegele! Wala majani waliokuwa wamejificha majumbani wakafungua milango. Swala akalia kwa furaha. Kondoo hakujua kinachotokea lakini akacheza ngoma vilevile. Punda akajitwalia nafasi kwenye sinia kubwa, akasema, "Leo sikai pembeni!" akala na wakubwa, wali na kitoweo kilichobakia kwenye bakuli la akiba, na hakuna aliyemuuliza kama anaumwa.

Kisha Simba akataka kuonyesha moyo mkubwa. Akapiga mkeka kwa kiganja. "Na wewe Mbuzi. Njoo ukae kati yangu na mkwe wangu. Mpeni kitoweo. Ule nasi."

Bakuli likawekwa mbele yake. Kukataa tonge la mwenye mji mbele ya wakwe ni jambo zito. Bi Pimbi alishika mwiko kwa mikono miwili. Alitamani kusema, "Kula kidogo tu, shoga, tumefika mbali." Lakini hakusema.

Mbuzi akasukuma bakuli pembeni, taratibu, kwa adabu.

"Ahsante, Mzee. Chakula hiki kimeniokoa, na sitakisema vibaya hata siku moja. Anayekipenda na ale. Lakini nikikinusa, namwona dada yangu. Wewe ulimla, Mzee. Mimi nilimpoteza. Sili."

Wote wakamgeukia Mzee Simba.

Mzee Simba akamtazama Mbuzi. Halafu, kwa mara ya kwanza toka azaliwe, akaona haya. Akainamisha kichwa kile kikubwa.

"Hana kosa," akasema. "Mleteeni chakula anachokipenda yeye."

Bi Pimbi akakimbia jikoni, akarudi na sahani ya majani ya kunde, yamechemshwa kwa maji na chumvi basi. Bila moshi, bila tangawizi, bila tui. Akamwekea shoga yake kwa mikono miwili. Na Mbuzi, mweusi wa mkaa, akaketi katikati ya Simba na Chui akala majani yake, kichwa juu, mpaka yakaisha, huku mji mzima unampigia makofi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye njaa na aende jikoni. Na funzo lake ni hili: mwenye akili humshinda mwenye nguvu kwa kile kile anachokipenda, lakini akishashinda humwacha kila mtu na chakula chake.